Mtu wa Ukurasa wa Sitini na Moja

Kila jioni, kabla baragumu la sala halijapulizwa, Meripa alifunua ukurasa mmoja wa kitabu cha Ilalio. Ilikuwa kazi yake tangu akiwa na miaka saba, na hata aliporudi kutoka chuo cha ualimu kule Apia na kupewa darasa la tatu, hakuna aliyemwambia kwamba sasa inatosha. Alinawa mikono, akaikausha vizuri, akaondoa kitambaa cha magome kilichofunika kitabu, akafunua ukurasa mmoja tu, akakiacha wazi juu ya kasha la marehemu bibi yake mpaka kesho yake. Kurasa zilikuwa mia moja na arobaini. Watu wa Saleafu walijua zamu ya kila picha kama walivyojua misimu ya samaki, na mtu akitaka kumwona pweza au ramani ya visiwa alihesabu siku, akapita jioni hiyo, akasimama nje ya nguzo za nyumba hiyo isiyo na kuta akitazama.

Ilalio alikuwa mchoraji kutoka Meksiko. Kwao aliitwa Hilario Quintanar, lakini ndimi za Saleafu zililipunguza jina hilo likawa la hapa. Alikuja kabla ya vita, akakaa miezi mitano, akachora. Kitabu kilifika miaka tisa baadaye kwa meli ya mbata, kizito kama mtoto mchanga, maandishi yake yote ya Kihispania. Hakuna aliyeweza kukisoma na hakuna aliyejali. Makuti aliyachora yamefungwa upande usio wake, na nguruwe wake walikuwa wembamba, wenye nyuso za huzuni. Wazee walisema hao ni nguruwe wa kwao Meksiko, alikuwa amewakumbuka. Lakini mwamba wa bahari aliuchora kwa mstari mmoja usioinuka, na mtu akiutazama alisikia mawimbi yakivunjika mbali. Wanawake wake walikuwa na mabega mapana na mikono yenye kazi. Hakumfanya mtu yeyote mzuri kuliko alivyokuwa. Alimtazama tu kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote alivyowahi kumtazama.

Jumatatu hiyo ilikuwa zamu ya ukurasa wa sitini na moja, picha ya babu yake Meripa. Alifunua, akakuta karatasi haina mtu. Mchanga ulikuwepo. Kivuli kilikuwepo, kimelala juu ya mchanga bila mwenyewe. Chini kulikuwa na jina, Vaitoa, kwa herufi ndogo za wino mweusi. Mtu alikuwa ameketi nyuma ya Meripa, kwenye nguzo ya tatu, amewapa watu mgongo.

"Babu," Meripa akaita, "picha yako imetoka."

Mzee Vaitoa alikuwa anasokota kamba ya nyuzi za nazi. Wazee wengine walisokota juu ya paja tupu. Yeye alisokota juu ya shuka.

"Imetoka imekwenda wapi?"

"Ipo hapa hapa."

Mzee akainua macho, akamtazama yule mtu, kisha akarudi kwenye kamba yake. "Mpe mkeka," akasema.

Meripa akampa mkeka. Akamletea kakao ya moto kwenye kikombe, kwa sababu mgeni ni mgeni. Mtu alikuwa wa ukubwa wa kawaida. Kahawia yake ilikuwa ya rangi tatu zilizopakwa moja juu ya nyingine, na mstari mwembamba wa penseli ulimzunguka mwili mzima. Mguu wa kushoto, ambao Ilalio hakuumaliza, ulikuwa wa penseli tu, mweupe kama karatasi. Kuanzia kiunoni hadi magotini alikuwa na tatuu ya wanaume, nyeusi, yenye mistari iliyonyooka na vitu vidogo kama nyayo za ndege, wino wake bado unang'aa na ngozi bado imevimba. Kichwa kilitazama nyuma, juu ya bega. Kilikuwa kichwa cha Vaitoa akiwa na miaka ishirini, kizuri, kimetulia.

"Bado kidogo," kichwa kikasema. "Kesho tunamaliza."

Kakao ikapoa. Baragumu likapulizwa, wakasali, na mtu wa picha akasali nao akiwa amewapa mgongo.

Shida ya kwanza ilikuwa ya adabu. Wazee wa kijiji walipokuja Jumanne kumwamkia, walikuta amewageuzia makalio, jambo ambalo Saleafu mtu hutozwa nguruwe kwa kulifanya. Wakahama, wakaenda kukaa upande wa pili wa nyumba. Huko nako wakauona mgongo. Wakajaribu upande wa baharini, na upande wa barabara. Hakuwa na upande wa mbele, Ilalio hakuuchora.

"Basi tumsamehe," akasema Tufele, msemaji wa wazee, mtu mnene aliyependa kumaliza mambo. "Ndivyo alivyozaliwa."

Shida ya pili ilikuwa nguzo. Katika nyumba ya wazee kila nguzo ina mwenyewe, na mtu hukaa penye cheo chake. Uso ulikuwa wa Vaitoa, kwa hiyo wakamketisha kwenye nguzo ya Vaitoa, na Vaitoa mwenyewe alikuwa ameshaketi hapo. Wakakaa wawili kwenye nguzo moja, mzee na kijana, mmoja akitazama mbele na mwingine nyuma.

Kwenye nyumba ya kufumia mikeka, wanawake walikuwa na maneno ya kutosha.

"Kumbe Mzee Vaitoa alikuwa na mapaja!" akasema Lagiola, mke wa Tufele.

"Mapaja anayo hata leo, mwenzangu. Nani ameyaona?"

"Mimi sijayaona. Wewe umeyaona?"

"Ninyi mnanitafutia balaa. Mwulizeni marehemu mkewe."

"Yule alizikwa na siri zake."

Wakacheka. Bibi Fuatino peke yake hakucheka. Alikuwa mwanamke mkavu wa miaka hamsini na kitu, ambaye hakuolewa, na mikeka yake ilikuwa laini kiasi kwamba ilikunjwa kama kitambaa. Kila Jumamosi, kwa miaka arobaini na mmoja, Mzee Vaitoa alimpelekea samaki wa kwanza kabla ya kupeleka nyumbani kwake. Watu walisema ni kwa sababu ya Ionatana, kaka yake Fuatino. Vijana wawili wakichanjwa tatuu pamoja huwa ndugu, na hawa walikwenda pamoja kwa fundi wa Upolu, ng'ambo ya mlango wa bahari. Vaitoa alirudi. Ionatana alizikwa huko huko kwa homa.

Jumatano alfajiri Meripa alimfuata mtu wa picha baharini. Mwili uliinuka wenyewe, kama mtu mwenye zamu yake, ukaenda kuosha vidonda kwenye maji ya chumvi, kwa sababu tatuu mbichi huoshwa asubuhi na jioni. Kichwa hakikupenda. "Bado kidogo," kilisema njia nzima, "kaa, bado kidogo." Mwili haukusikia. Hata ulipokuwa unarudi kutoka majini ulionekana unaondoka, kwa kuwa mgongo ulikuwa ndio pekee uliokuwepo. Rangi haikuyeyuka. Maji yalikuwa mekundu kidogo pale aliposimama.

Bibi Fuatino alikuwa ufukweni na usinga wa nyuzi za nazi. Alimsogelea mtu wa picha, akaanza kumfukuzia nzi mgongoni, taratibu, bila kumgusa. Kisha akainama, akatazama kiwiko cha kulia. Palikuwa na kovu dogo lililopinda kama mwezi mchanga.

"Jiwe la jiko la ardhini," akasema. "Alikuwa na miaka minane. Alikuwa ananitolea gimbi."

Meripa alikuwa mtu wa kukosa maneno pale yanapohitajika, na hata darasani watoto walimsaidia. Akasema, "Babu hana kovu kwenye kiwiko, Bibi."

"Hana."

"Basi huyu..."

"Ilalio alichora alichokiona," Bibi Fuatino akasema. "Mwili wote. Hata kovu hakuliacha. Sijapata kuona mtu mkweli namna ile."

Akaendelea kufukuza nzi. Jua lilipopanda akamsimulia, akitazama bahari.

Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikwenda Upolu na hao vijana wawili ili aimbe wakati wa kuchanjwa, kwani wimbo wa dada hupunguza maumivu. Siku ya tatu, chanuo la fundi la kuchanjia liliposhuka kutoka mgongoni kuelekea mapajani, Vaitoa aliamka akakimbilia migombani, na hakurudi kulala kwenye mkeka ule. Ionatana alimaliza. Siku hiyo hiyo alipomaliza akatokea mgeni mwenye kofia, ambaye alikuwa ameshakaa Saleafu na alifahamiana nao, akasema rangi ya wino haiwi nzuri tena kama ilivyo wiki ya kwanza. Akamwomba akae amchore. Vaitoa alikuwa anajua Kiingereza kidogo cha meli, akawa mkalimani. Ionatana alitakiwa kulala chini, akandwe, apelekwe baharini. Badala yake alikaa juani siku kumi.

"Ilalio alikuwa anauliza, amechoka? Kila siku alikuwa anauliza. Na Vaitoa anatafsiri. Kaka anasema, naumwa. Vaitoa anamwambia mgeni, anasema hajachoka. Halafu anamgeukia kaka, bado kidogo, kesho tunamaliza."

"Kwa nini, Bibi?"

"Alikuwa na aibu. Alitaka kuwepo mahali ambapo jambo linafanikiwa." Akamfukuza nzi mwingine. "Siku ya kumi uso wa kaka ulikuwa umeharibika kwa homa. Ilalio hakuweza kuuchora. Meli yake ilikuwa inaondoka. Akamwambia Vaitoa, kaa wewe hapo, nichukue kichwa. Akauliza jina, Vaitoa akataja lake."

"Na wewe hukusema."

"Mimi?" Bibi Fuatino akautazama usinga. "Mimi nilimwambia, kaa kidogo tu, kaka, unapendeza. Ilalio aliniahidi kunichora mikono. Nilitaka mikono yangu iende Meksiko."

Meripa aliijua picha hiyo. Ilikuwa ukurasa wa themanini na nne, mikono miwili ikifuma mkeka wa mkadi, bila mtu, na kwa macho yake ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote; vidole vilichorwa kwa upendo kiasi kwamba watoto wake wa darasa la tatu waliikosea kila walipojaribu kuiiga, wakaililia. Ndipo akakumbuka kwamba siku ya ukurasa huo Bibi Fuatino hakupita nyumbani kwao hata mara moja.

Barua ilikuwa ndani ya mkoba wa Meripa tangu wiki iliyopita. Jumba la makumbusho huko Meksiko lilikuwa linachapa upya kitabu cha Ilalio, nalo liliomba kijiji kihakikishe majina ya watu waliochorwa. Fomu ilikuwa na mstari mmoja kwa kila ukurasa. Ilitakiwa iondoke Ijumaa na basi la mchana, na mkono wa kuijaza ulikuwa wake, kwa kuwa ndiye mwalimu.

Alhamisi alimkuta babu yake peke yake, anasokota kamba.

"Babu, ukurasa wa sitini na moja niandike nani?"

"Kilichoandikwa."

"Bibi Fuatino ameniambia."

Mzee hakuacha kusokota. Kwenye nguzo ya tatu kichwa chake cha ujana kilimtazama juu ya bega.

"Najua ninachokificha kila asubuhi nikioga peke yangu," akasema. "Kipande cha tatuu mgongoni, kama mkia wa samaki. Nilikusudia kumwambia bibi yako kabla hatujaoana. Nikakusudia kumwambia mchungaji. Kitabu kilipofika, wazee wakaja hapa, wakatazama picha, wakasema, huyu amechanjwa mpaka ng'ambo wamemjua, tumpe cheo. Ningesema nini siku hiyo? Watu walikuwa wameshachinja."

"Sema leo."

"Leo nimeamua kesi za mashamba ishirini na mbili kwa cheo hicho, Meripa. Nikisema, zote zinarudi. Nani atawarudishia watu mipaka yao?" Akaikata kamba kwa meno. "Lipeleke barazani. Wakiamua, nitakubali."

Ijumaa asubuhi wazee wakakusanyika kwa kava. Mizizi ilikandwa ndani ya bakuli, ikachujwa, na mtoa mwito akakaa sawa, kwani kikombe cha kava hakiendi kwa mtu mpaka cheo chake kitajwe kwa sauti. Meripa aliketi nje ya nguzo na fomu yake. Bibi Fuatino alikuwa karibu naye.

"Kikombe cha Lefaoa!" akaita mtoa mwito. Ndicho cheo cha Vaitoa.

Mzee Vaitoa hakuinua mkono. Kwenye nguzo hiyo hiyo kichwa cha picha kikafungua kinywa, tayari kunywa. Lakini mikono ya mwili ilibaki juu ya magoti. Mpeleka kikombe alisubiri ameinama. Kava ikatikisika ukingoni.

"Kikombe cha Lefaoa," mwito ukarudiwa.

Mikono haikuinuka.

"Mikono si ya Lefaoa," akasema Mzee Vaitoa. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini nyumba haina kuta. "Ni ya Ionatana. Kuanzia shingoni kushuka ni Ionatana."

Hakuna aliyeshtuka. Tufele alijikuna shavu. Mzee mmoja akasema alikuwa anajiuliza siku zote kwa nini Vaitoa anasokota kamba juu ya shuka. Mwingine akasema mambo haya hutokea.

"Basi mwiteni Ionatana, anywe," akasema Vaitoa.

Wakashauriana. Lilikuwa jambo zito na hawakulifanyia haraka. Ionatana alikufa kijana. Hakuwahi kuwa na cheo, na kava haiwezi kuitwa kwa jina tupu la mtu. Kumpa cheo hawawezi, kwa kuwa cheo hupewa mtu uso kwa uso, na uso wake haupo. Kumvua Vaitoa hawawezi, maana ingekuwa asiye na cheo ndiye aliyeamua mashamba yao miaka yote hiyo, na shamba la Tufele lilikuwa mojawapo.

"Kichwa ndicho kinachobeba jina," Tufele akahitimisha. "Hakuna mtu anayeitwa kwa mgongo wake. Mwalimu, andika kama ilivyo."

"Na kikombe?" akauliza mpeleka kikombe, ambaye kiuno kilianza kumuuma.

"Kinyweshe kichwa."

Wakakinywesha kichwa. Kava iliingia kinywani, ikateremka shingoni, ikafika kwenye mstari wa penseli ulioutenga uso na mabega, ikamwagika nje, kwenye mkeka. Msichana mmoja akaja na kitambaa, akafuta.

Meripa aliandika. Mkono wake wa kialimu, wa herufi za mviringo zinazosimama sawa, uliandika Vaitoa kwenye mstari wa sitini na moja, na hakukuwa na nafasi ya kuandika zaidi. Kwenye mstari wa themanini na nne aliuliza kama aandike jina la Fuatino. Bibi Fuatino akasema aache wazi. Saa saba basi likapita, likachukua barua, likaenda zake gatini likiacha vumbi juu ya majani ya mishelisheli.

Mtu wa picha hakuaga. Alasiri alikwenda baharini, akaosha vidonda, akarudi akionekana anaondoka. Meripa alipokuja kunawa mikono kabla ya sala, nguzo ya tatu haikuwa na mtu, na alama za miguu yenye maji ziliishia kwenye kasha, wa kulia tu, kwa kuwa wa kushoto haukuacha alama. Ukurasa wa sitini na moja, ulioachwa wazi tangu Jumatatu, ulikuwa na mtu wake, na kivuli kilikuwa kimepata mwenyewe. Rangi zilikuwa mbichi. Ilikuwa picha nzuri mno. Wino ulivyong'aa mapajani, ngozi ilivyonyanyuka, hata tone moja la jasho katikati ya mgongo ambalo Meripa alikuwa akiliona tangu utotoni, akidhani ni ustadi.

Hakufunua ukurasa unaofuata.

Mzee Vaitoa alikuwa amevua shati. Alikaa kwenye nguzo yake, kipande chake cha mgongoni wazi, na watoto waliokuwa wanapita barabarani walikitazama, wakaendelea na mpira wao. Pembeni yake palikuwa na samaki wa kwanza, ingawa haikuwa Jumamosi. Bibi Fuatino alipoingia alimpita mzee na samaki wake, akaenda moja kwa moja kwenye kasha, akaketi akakunja miguu kama anayetaka kufuma. Akakitazama kitabu kwa muda mrefu. Nzi mmoja alikuwa ametua juu ya karatasi, kiunoni pa picha. Akampungia usinga, nzi akaruka.

Nje, mwenye baragumu alikuwa ameshashika kombe lake la baharini, akivuta pumzi.

"Inuka, kaka," Bibi Fuatino akasema. "Imetosha. Twende nyumbani."